Sababu Kabla ya Muhuri: Mitaala ya Vyuo Vikuu na Namna Inavyopitishwa



Mwezi Oktoba 2022 Shule ya Sheria kwa Vitendo Tanzania ilitangaza matokeo yaliyozua mjadala nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walifeli. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ichunguze kulikoni, na hata kabla kamati haijamaliza kazi lawama zilikuwa zimeshatupwa kila upande: wengine waliwalaumu wanafunzi, wengine walimu wa Shule, wengine lugha ya kufundishia, wengine vyuo vikuu vilivyowatoa vijana wale. Nataka tuanzie hapo mwisho. Kila mmoja wao aliingia pale akiwa na shahada ya sheria, na shahada za vyuo vyetu hazitoki hewani. Zinatokana na mtaala uliojadiliwa, ukapigiwa kura, ukapigwa muhuri. Kama mtaala ulikuwa na kasoro, ulipitaje? Na kama haukuwa na kasoro, ni wapi palipoandikwa kwamba waliouandaa walifikiria mwanasheria anapaswa kujua nini siku anapoondoka chuoni, na kwa nini waliacha yale waliyoyaacha? Maswali haya hayahusu sheria peke yake. Yanahusu uhandisi, ualimu, sosholojia, kilimo na kila programu tunayoitangaza magazetini wakati wa udahili.

Kwanza tuitazame njia yenyewe, maana wengi wetu tunajua kipande chake kimoja tu, kile tulichowahi kukaa kikaoni tukakishuhudia. Mkuu wa Idara huteua kamati ndogo ya kuandaa rasimu. Kamati huwafuatilia wahitimu popote walipo, huwahoji waajiri, hupitia mitaala ya vyuo vingine ili kulinganisha, kisha huitisha warsha ya wadau. Rasimu hurudi kwenye kikao cha idara, hupanda kwenye bodi ya ndaki au shule kuu, hupita kwa watu wa uthibiti ubora, huingia katika kamati ya Seneti inayoshughulikia masomo, halafu Seneti yenyewe. Baada ya hapo inatoka nje ya chuo. Kwa Tanzania hupelekwa kwenye Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7 ya 2005 kuchukua nafasi ya Baraza la Ithibati ya Elimu ya Juu. Kenya kuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa sheria ya 2012, na Uganda kuna Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwa sheria ya 2001. Pale ambapo taaluma ina bodi yake, kama wahandisi, madaktari, wahasibu na wanasheria, bodi hiyo nayo inataka kuuona mtaala. Majina na mpangilio hutofautiana kidogo kutoka chuo hadi chuo, lakini ngazi ni nyingi kila mahali.

Hoja yangu ni hii. Wingi wa ngazi hautupi mtaala mzuri, na uchache wake pia hautupi. Mtaala hupata uhalali wa kitaaluma pale ambapo sababu za kila badiliko kubwa zimeandikwa kwa lugha ya kueleweka, zikawekwa mahali ambapo mtu asiyekubaliana nazo anaweza kuzisoma na kuzipinga. Mfumo wetu umekuwa hodari wa kukusanya mihuri na mzembe wa kutunza sababu. Tukiendelea hivi tutakuwa na faili nene na programu ambazo hakuna mtu anayeweza kuzitetea, kwa kuwa hakuna anayekumbuka zilifikiwaje.

Tulitazame kwa karibu badiliko dogo kabisa, ili tusibaki kwenye maneno ya jumla. Kwa viwango vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukihesabu mihadhara, semina, kusoma mwenyewe na mitihani. Mwaka mmoja una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina 360. Chukulia idara ya sosholojia inataka kuingiza kozi ya uchambuzi wa data kwa kompyuta yenye krediti 12. Hizo ni saa 120 za maisha ya kila mwanafunzi, na hazina mahali pa kukaa mpaka kitu kingine kitoke. Kitoke nini? Kuna historia ya nadharia za jamii, kuna kazi ya uwandani, kuna sosholojia ya vijijini, kuna kozi ya pamoja ambayo idara haina mamlaka nayo. Kila kozi ina mwalimu wake, na mzigo wa kufundisha wa mwalimu huyo ndio unaotumika kuomba nafasi za ajira na kugawa ofisi. Basi katika kikao cha idara hoja huwa za kweli na kali. Mmoja atasema kwamba kijana anayejua kuchora grafu lakini hajawahi kuulizwa takwimu zilikusanywa na nani na kwa maslahi ya nani atakuwa karani wa mashine. Mwingine atajibu kwamba kijana aliyesoma nadharia zote na hawezi kufungua faili la sensa hatasikilizwa popote. Wote wawili wana hoja, na hapo ndipo chuo kikuu kinapokuwa chuo kikuu. Ni mahali ambapo watu wanaojua somo wanabishana kuhusu lipi ni muhimu zaidi kwa mtu atakayelijua baada yao.

Sasa angalia kinachopanda ngazi. Kinapanda kitabu chenye majedwali: jina la kozi, alama yake ya utambulisho, idadi ya krediti, matokeo ya ujifunzaji yanayoanza na vitenzi vinavyopimika, mbinu za kufundishia, namna ya kutathmini, na orodha ya vitabu. Mabishano yale hayamo. Kozi iliyoondolewa haionekani kabisa. Imetoweka tu, kana kwamba haikuwahi kuwako. Bodi, ikiwa na kitabu hicho mbele yake, itafanya kinachowezekana kufanywa na kitabu cha namna hiyo. Itajumlisha krediti, itasahihisha vitenzi, itauliza kwa nini kitabu fulani ni cha miaka mingi iliyopita. Seneti ina ajenda ndefu na programu kadhaa kwa siku moja. Wajumbe wake ni wataalamu wa mambo mengine, na haiwezekani mtaalamu wa maji achambue nadharia za jamii kwa dakika kumi. Hivyo itauliza kama taratibu zimefuatwa. Tume itauliza kama kuna walimu wa kutosha wenye sifa, maabara na maktaba. Maswali haya yote ni halali. Lakini lile swali kubwa, la kwa nini tumechagua hiki na kuacha kile, liliulizwa mara moja tu, chini kabisa, na jibu lake likabaki vichwani mwa watu ambao baada ya miaka mitano baadhi watakuwa wamestaafu na wengine wamehamia kwingine. Kamati mpya itakapokaa kupitia programu ile ile itaona wahitimu wana upungufu fulani, itairudisha kozi iliyoondolewa kwa jina jipya, na itaita hayo maendeleo.

Haikuwa hivi siku zote katika ukanda wetu, na mifano tunayo. Wakati Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kundi dogo la wanafunzi wa sheria, kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kama Makerere ilivyokuwa tangu 1949. Shahada ilikuwa ya London, na mitaala na mitihani ilihitaji ridhaa ya London. Wengi wetu tunaukumbuka uhusiano ule kama utumwa wa kitaaluma, na ndani yake utumwa ulikuwamo. Alikuwapo mtu maili elfu kadhaa kutoka hapa aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya kijana wa Songea asome nini. Hata hivyo mpango ule uliruhusu mitaala ibadilishwe ilingane na mazingira ya huku, na aliyetaka badiliko alipaswa kumweleza mtu asiyeyajua mazingira hayo ni kwa nini analitaka. Tulipopata mamlaka kamili, Julai 1970, pale Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika na Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vikawa vyuo vinavyojitegemea, tuliondoa umbali huo, na tulifanya vizuri. Ila wajibu wa kujieleza haukupaswa kuondoka pamoja nao. Ulitakiwa ubaki, na safari hii tujieleze kwa wananchi wetu na kwa wenzetu wa jirani.

Kielelezo bora zaidi cha ninachokisema kilitokea Nairobi mwaka 1968. Septemba ya mwaka huo, James Stewart, aliyekaimu ukuu wa Idara ya Kiingereza, aliwasilisha katika Bodi ya Kitivo cha Sanaa waraka kuhusu mwelekeo wa kitivo na nafasi ya idara yake ndani yake. Tarehe 24 Oktoba walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walijibu kwa waraka wao. Hawakuomba kozi moja au mbili za fasihi ya Kiafrika ziongezwe pembeni. Walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, na mahali pake ijengwe idara ambayo kitovu chake ni fasihi na lugha za Afrika, fasihi simulizi ikiwamo, kisha fasihi ya watu weusi wa Karibi na Marekani, kisha ya Ulaya na kwingineko. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: mwanafunzi wa Nairobi aangalie dunia akiwa amesimama wapi?

Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa fikra za ukombozi, nami sina ugomvi na hilo. Ninachotaka tukione leo ni utaratibu. Jambo kubwa kuliko karibu kila badiliko la mtaala tulilowahi kulifanya liliingia kwa mlango wa kawaida kabisa: waraka wa ndani katika bodi ya kitivo, ukijibu waraka mwingine wa ndani. Waraka wa kwanza ulikuwa na hoja, ndiyo maana ulijibika. Waraka wa pili ulikuwa na hoja, ndiyo maana uliweza kupingwa, na ulipingwa kwelikweli. Matokeo yake hayakuwa nakala ya yale yaliyoombwa. Fasihi ilipata idara yake, isimu na lugha za Kiafrika zikapata yake, wakati wale watatu walikuwa wamezitaka pamoja. Mjadala ulilifinyanga pendekezo. Mijadala ya aina hiyo iliendelea Makerere na Dar es Salaam, na mpaka leo, zaidi ya nusu karne baadaye, mwanafunzi yeyote anaweza kuusoma waraka ule, akauona umekosea hapa na umepatia pale. Niambieni, ni mapitio gani ya mtaala ya miaka ya karibuni ambayo mtu atayasoma mwaka 2070 akaelewa tulikuwa tunabishania nini?

Dar es Salaam nayo ina mfano wake, na huu ni mgumu zaidi kwa sababu msukumo ulitoka nje ya chuo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia yao. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwezi uliofuata kukaitishwa mkutano chuoni kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Dola ilikuwa imeshasema inachokitaka, na chuo kingeweza kufuata bila kuuliza. Kilichotokea ni mabishano ya miaka kadhaa. Wapo walioona kozi ya lazima ya itikadi ni kuua chuo kikuu, wapo walioona bila kozi hiyo chuo kingeendelea kutoa mabwana wadogo wa kuwatawala wakulima, na wapo wanafunzi wa mrengo wa kushoto walioona hata hicho kilichopendekezwa hakitoshi. Kozi ya pamoja iliyoanza wakati ule ikazaa Taaluma za Maendeleo, na mwaka 1973 ikapata taasisi yake. Kuna anayeweza kusema leo kwamba kozi hiyo imechakaa, na kuna anayeweza kuitetea. Lakini wote wawili wanajua ilianzishwa kwa sababu gani, na hivyo wanaweza kupima kama sababu zile bado zipo. Ndivyo pia ilivyo kwa uamuzi wa 1970 wa kuwa na Idara ya Kiswahili inayofundisha kwa Kiswahili. Ulikuwa uamuzi wenye hoja, na hoja yake ingali inatudai: kama fasihi na isimu zimewezekana kwa miaka yote hii, ni nini hasa kinachozuia masomo mengine?

Linganisheni na yaliyowapata wahitimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton. Chuo kilikuwa na Seneti, kilifundisha, kilitahini, kikatunuku shahada. Vijana walipokwenda kujisajili, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Kenya ilikataa, ikisema programu waliyosoma haikuwa imetambuliwa nayo. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Upeo, na mwaka 2018 mahakama hiyo ikawapa haki wahitimu. Fikirieni miaka iliyopotea: mtu amemaliza shahada, ana deni la mkopo, hana leseni ya kazi aliyoisomea, na anasubiri majaji waamue ni muhuri wa nani ulio na nguvu. Hapa hapakuwa na uhaba wa ngazi. Ngazi zilikuwapo, kila moja ikidai neno la mwisho, na hazikuwa zinazungumza. Mahakama inaweza kuamua nani ana mamlaka kisheria. Haiwezi, wala haipaswi, kuamua kama hesabu alizosoma mhandisi zinatosha kujenga daraja. Swali hilo ni la kitaaluma, na lingejadiliwa mapema iwapo idara na bodi zingekuwa na andiko moja mbele yao linaloeleza kwa nini programu iko jinsi ilivyo, kisha bodi ikajibu kwa maandishi ni wapi haikubaliani na kwa nini.

Nikifika hapa, najua kuna mapingamizi, na baadhi yake ni mazito.

La kwanza ni kwamba maneno haya yanafaa kwa vyuo vya zamani vyenye maprofesa, ilhali sasa tuna vyuo vingi vipya, vingine vikitegemea ada pekee, ambavyo vikiachiwa vitauza shahada za jina tu. Pingamizi hili lina ushahidi. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine ikazuia programu kadhaa mojamoja. Sitaki tume ifutwe, wala sitaki ilegeze. Nataka iulize swali linaloonyesha udhaifu haraka zaidi. Majedwali yanaweza kunakiliwa. Chuo kisicho na mtaalamu hata mmoja wa somo kinaweza kuchukua mtaala wa chuo kingine, kikabadilisha jina la juu na kuuwasilisha ukiwa safi kabisa, vitenzi vyote vikipimika. Hoja ni ngumu kunakili. Idara isiyo na watu wanaolijua somo haiwezi kueleza ni kwa nini, kwa wanafunzi wake na walimu wake na mkoa wake, imeamua kuweka hiki na kuacha kile, na kwa nini pingamizi fulani halikukubalika. Tume ikilitaka andiko hilo liwe kurasa za kwanza za kila ombi, itagundua mapema zaidi nani anajua anachokifanya.

La pili nimelisikia likisemwa kwa sauti ya chini, lakini ni la kweli: kuipa idara uzito mkubwa ni kuwapa walimu nafasi ya kulinda viti vyao. Nimekwisha kukiri kwamba kozi ni mzigo wa kazi, na mzigo wa kazi ni ajira. Mwalimu aliyefundisha kozi moja kwa miaka 20 hatakosa sababu ya kuitetea. Sawa, aitetee, lakini aitetee kwa maandishi, mbele ya wenzake wa idara nyingine na mbele ya wanafunzi. Maslahi binafsi hustawi sana mahali ambapo sababu hazitajwi. Pale ambapo mtu anatakiwa kuandika kwa nini saa 120 za kijana zitumike kwa kozi yake, badala ya kozi nyingine inayotajwa kwa jina, atalazimika kutafuta sababu inayowahusu wanafunzi, na asipoipata kila mtu ataona.

Pingamizi la tatu ndilo linalopendwa na wapangaji wa mipango: dunia inakwenda mbio, soko la ajira linabadilika, akili mnemba imeshaingia darasani, nanyi mnataka kukaa mkibishana na kuandika nyaraka? Serikali ya Tanzania imepata mkopo wa dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia kwa mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, HEET, na kuhuisha mitaala ni sehemu kubwa ya kazi ya mradi huo. Ni fursa ambayo vizazi vya walimu kabla yetu havikuipata. Fedha imewezesha warsha na tafiti za mahitaji ambazo idara maskini zisingeweza kuzifanya zenyewe. Hofu yangu ni kwamba mradi una tarehe ya mwisho na idadi ya programu za kukamilisha, na mtu anayehesabiwa programu zilizokamilika atakamilisha programu. Waajiri tunapaswa kuwasikiliza, hilo halina mjadala. Lakini mwajiri aliyeitwa kwenye warsha ya siku mbili anajua anachokihitaji leo. Kijana anayeingia mwaka wa kwanza atatoka baada ya miaka mitatu au minne na atafanya kazi kwa miaka 35. Kupima kati ya haja ya leo na haja ya miaka hiyo ni kazi ya idara, na hakuna mdau anayeweza kuifanya kwa niaba yake. Mwajiri akisema anataka programu fulani ya kompyuta ifundishwe, na idara ikaamua kufundisha misingi ya takwimu itakayomwezesha kijana kujifunza programu yoyote, idara iandike hivyo na kumpelekea mwajiri nakala. Atajibu. Majibu yake yataingia kwenye mapitio yajayo. Kuhusu mbio zenyewe, hakuna kinachochelewesha kuliko rasimu inayorudishwa mara tatu kwa sababu kila ngazi inakisia waandishi walimaanisha nini.

Wanafunzi sijawasahau. Wana wawakilishi katika bodi na katika Seneti, na mara nyingi wawakilishi hao hukaa kimya mpaka ajenda ya mikopo na malazi ifike. Tunawalaumu bila haki. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili kitabu cha majedwali cha kurasa 200 usiku wa kuamkia kikao, na hata profesa angenyamaza. Mpe kurasa nne zinazosema tumeondoa kazi ya uwandani kwa sababu hizi, na atakuwa na la kusema, kwa kuwa kaka yake aliyemtangulia aliifanya kazi hiyo naye alitarajia kuifanya.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo kuliko mnavyoweza kudhani. Kila mapitio ya programu yaanze na andiko fupi la idara, lisizidi kurasa sita, linalotaja kilichoongezwa, kilichoondolewa, sababu za kila kimoja, mapingamizi yaliyotolewa kikaoni na jinsi yalivyojibiwa, hata yale ya wachache walioshindwa kwa kura. Ngazi yoyote itakayokataa au kubadili jambo la msingi iandike sababu zake chini ya andiko hilo hilo, na tume pamoja na bodi za taaluma zifanye vivyo hivyo. Andiko likishapitishwa liwekwe maktaba na kwenye tovuti ya chuo. Kamati ya mapitio yajayo ilisome kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hili; Seneti ya chuo chochote inaweza kuliamua katika kikao kimoja. Na kwa kuwa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 eneo la pamoja la elimu ya juu, ambamo mwanafunzi wa Bujumbura anapaswa kuweza kuhamia Mbarara au Morogoro na krediti zake, maandiko hayo yatakuwa na wasomaji nje ya mipaka. Krediti 12 za hapa na krediti 12 za kule zinafanana kwa hesabu. Ili mwalimu wa kule azikubali kwa moyo mmoja anahitaji kujua zilibeba nini, na kwa nini.

Jambo hili lina saa yake. Nchini Kenya kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na litabisha hodi vyuo vikuu mwaka 2029. Tanzania imeanza kutekeleza mitaala mipya ya shule tangu 2024, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, na walimu wa kuifundisha wanaandaliwa katika vyuo hivi hivi. Vijana hao watakuja wakiwa wamesoma vitu ambavyo sisi hatukusoma, na hawajasoma vingine ambavyo kozi zetu za mwaka wa kwanza zinadhani kila mtu anavijua. Tuhesabu kurudi nyuma. Ili programu ipokee wanafunzi 2029, inapaswa iwe imetoka tume kabla ya matangazo ya udahili ya mwaka huo. Ili itoke tume, iwe imepita Seneti mwaka mmoja kabla. Ili ipite Seneti, warsha za wadau na bodi ziwe zimemalizika 2027. Rasimu ya kwanza, pamoja na kurasa zake sita za sababu, ni kazi ya vikao vya idara vya muhula huu.